Mshahara na Kikapu cha Sokoni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, Dar es Salaam)



Tumepewa na Halmashauri kazi ya kusema maneno machache juu ya matumizi ya nyumbani, na hasa juu ya ununuzi wa vyakula. Twajua ya kuwa wengine wenu mlipoliona jambo hili katika karatasi ya mkutano mlicheka, mkaulizana, Je, makarani wazima wakusanyike kunena habari za vitunguu na mafuta ya kupikia? Twaomba mtuvumilie kidogo, kwani kicheko hicho kinatugharimu fedha nyingi kila mwaka.

Tangu Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, vyama vya namna yetu vimezoea kunena juu ya mshahara unaoingia. Huo ndio tunaouandikia barua na kuupelekea wajumbe. Habari ya mshahara unaotoka aghalabu hatuigusi. Sisi wanaume tumewaachia wake zetu, nao wakituambia ya kuwa fedha ya jikoni imekwisha, twauliza kwa mshangao, Imekwishaje? Mwulizaji huyo ukimwuliza bei ya kilo moja ya maharage hana jibu. Wanachama wanawake waliomo humu wanajua mengi tutakayosema kuliko tunavyoyajua sisi, na pale tutakapoteleza watuongoze.

Mabibi na Mabwana, ninyi nyote mwajua kanuni ile ya kuwa makato ya mshahara wa mtumishi yasile theluthi moja ya mwisho, ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Ni kanuni njema. Lakini kanuni hiyo inakomea mlangoni pa ofisi ya mhasibu. Daftari la dukani halimo ndani yake. Mtu aweza kuwa na theluthi yake safi katika hati ya mshahara, na theluthi hiyo hiyo ikawa imekwisha kuliwa kwa Mangi wa mtaani tangu tarehe 10: mtoto ametumwa na daftari kuchukua mkate, sukari robo, mafuta kipimo kimoja, sabuni kipande. Mshahara ukiingia, unalipa mwezi uliopita. Mwezi mpya unaanza kwa kukopa. Na mwezi ambao mgonjwa au msiba umeingia katikati, daftari halilipiki, ndipo mtu anapokwenda kwa wale wakopeshaji ambao mtaani mikopo yao huitwa kausha damu, akaacha kadi yake ya benki mikononi mwao pamoja na namba ya siri. Wako watumishi, walimu hasa, ambao siku ya mshahara husimama mbele ya mashine ya benki pamoja na mtu mwingine aishikaye kadi, wakangojea kupewa chenji ya mshahara wao wenyewe. Tukilifuata deni la namna hiyo mpaka mwanzo wake, mara nyingi hatukuti harusi wala gari. Twakuta chakula.

Tusimlaumu mwenye duka. Mali yake imelala katika daftari letu wiki tatu au nne, naye ana kodi ya pango na watu wake wa jumla wanaomdai. Lakini tuelewe tunachomlipa. Aliye ndani ya daftari hawezi kubishana bei, maana anaona haya. Hawezi kwenda duka la pili, maana ataonekana. Wala hawezi kurudisha mchele wenye mawe. Hata kama bei ya daftari na bei ya taslimu ni moja, uhuru huo wa kuchagua tumekwisha kuuza.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu, japo hesabu zetu twaziacha mezani ofisini. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Kila mmoja atie za mtaa wake. Tuseme dumu la mafuta la lita 20 ni shilingi 100,000. Lita moja basi ni shilingi 5,000. Dukani mafuta hayo hayo yanapimwa kwa kikombe cha mililita 100 kwa shilingi 700. Shilingi 700 haimtishi mtu. Lakini vikombe 10 ndiyo lita, nayo imekuwa shilingi 7,000. Nyumba inayotumia lita 4 kwa mwezi inalipa 28,000 badala ya 20,000. Tofauti ni 8,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 96,000, yaani karibu dumu zima lingine ambalo tumelinunua na hatukulipata.

Fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa sukari. Tuseme kilo ni 3,000 na robo ni 800. Robo nne ni 3,200. Nyumba ya kilo 6 kwa mwezi inapoteza 1,200 tu. Hapo tofauti ni ndogo, na kwa chumvi na kiberiti ni ndogo zaidi. Twasema hivi kwa sababu wako watu ambao wakisikia neno kubana matumizi huanza kuhesabu njiti za kiberiti, wakawaudhi watu wa nyumbani bure, na huku mkaa wananunua kwa kopo kila jioni. Jambo la kwanza ni kujua fedha inavujia wapi. Katika nyumba nyingi za mji huu inavujia katika mafuta, mchele, maharage na moto wa kupikia. Andikeni katika karatasi, kwa mwezi mmoja tu, kila kilichonunuliwa na kiasi chake. Wengi mtaona ya kuwa vitu vinne au vitano vimekula sehemu kubwa ya fedha, na vile vingine vyote ni makombo.

Ama habari ya vipimo, hapo pana mambo. Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na methali ya haba na haba hujaza kibaba mnaijua. Ila methali haikusema lolote juu ya kibaba kilichopandishwa kitako. Leo sokoni tunapimiwa kwa debe, kwa ndoo, kwa sado, kwa kopo na kwa fungu. Vyombo hivi vyote ni vya ujazo, na ujazo unadanganya kwa urahisi: debe lililobonyezwa ubavu kwa nyundo halijulikani kwa macho, na sado ya nyanya hujengwa kwa ustadi hata katikati pakabaki hewa. Kadhalika mafuta. Lita moja ya mafuta ya kupikia haifiki kilo moja. Ina gramu 900 na kitu. Basi anayelinganisha bei ya lita kwa huyu na bei ya kilo kwa yule, bila kujua hilo, atafikiri amepata nafuu na hakuipata. Dawa ni kununua kwa mizani kila inapowezekana, na kuitazama mizani yenyewe kama ina alama ya Wakala wa Vipimo, ambao huikagua kila mwaka. Wakala huo ulianza kazi mwaka 2002, na mwananchi yeyote aruhusiwa kwenda kushitaki. Tena nunueni mizani ndogo ya nyumbani. Si lazima kuibeba kwenda nayo sokoni kama askari. Pimeni mkirudi nyumbani, mara mbili tatu, na mtamjua muuzaji wa kurudiwa na muuzaji wa kuachwa.

Juu ya gunia la lumbesa, lile lililofungwa likaongezwa kichwa cha kamba juu, sisi wakaao mjini tulikuwa tukilifurahia, maana tulinunua gunia moja tukapata moja na nusu. Sheria yalikataza, na mpaka wa gunia ni kilo 100. Nusu ile ya juu haikutoka mbinguni. Aliyeilipa ni mkulima, na wengi wetu mkulima huyo ni baba yetu au kaka yetu.

Majira ni jambo kubwa kuliko ubishi wa bei. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huvunwa tangu Mei hata Agosti, na mpunga wa sehemu nyingi hukatwa Mei, Juni na Julai. Katika miezi hiyo bei hushuka. Kisha hupanda polepole, na kwa kawaida Januari hata Machi ndiyo miezi mikali, na ndiyo miezi ya ada na sare za shule. Tuseme kilo ya mahindi mwezi wa Julai ni 700, na Februari ni 1,100. Gunia la kilo 100 lililonunuliwa Julai limemwokolea mwenyewe 40,000. Hakuna biashara ndogo ya mtumishi inayompa faida ya namna hiyo bila kutoka jasho.

Lakini hapa twawaonya. Mtu asiye na 70,000 mwezi wa Julai asizikope kwa wale watu wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Riba ya miezi 6 ni 42,000, na faida ya gunia ni 40,000. Amefanya kazi ya kuwatunzia wakopeshaji mahindi, akaongeza 2,000 zake. Afadhali anunue kilo 20 kwa fedha yake.

Tena gunia linataka kutunzwa. Yuko mdudu aitwaye dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, akaonekana kwetu upande wa Tabora mapema katika miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Scania kwa vile alivyo na nguvu. Huyu hula punje hata gunia likabaki unga usiolika. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo asili yake ni kazi ya wataalamu waliokuwa wakihifadhi kunde nchini Kamerun. Mfuko ukifungwa barabara, wadudu waliomo hukosa pumzi wakafa, bila dawa yoyote kutiwa katika chakula. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na gunia litakalookoka. Ila nafaka iingie ikiwa kavu. Wazee wa ghala wana njia rahisi: twaa chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo, tia punje za mahindi, tikisa kwa dakika chache, kisha acha kidogo itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi yangali na maji; yaanike tena. Jambo hili si la wadudu tu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, sumu ambayo haitoki kwa kupika. Mahindi yenye ukungu yakiuzwa kwa nusu ya bei, hayo si rahisi.

Na maadamu tumelitaja neno rahisi, viko vitu vingine vinavyouzwa rahisi navyo ni ghali. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga wana bei ndogo kuliko walioanikwa juu ya vichanja, lakini mchanga nao unapimwa katika kilo, na mpishi hutupa kichwa, mchanga na maji matatu ya kuoshea. Dagaa wakavu walio safi, zaidi ya nusu ya uzito wao ni chakula kijengacho mwili, kwa hiyo gramu 100 zao zinakwenda mbali kuliko nyama ya bei hiyo hiyo, ambayo sehemu kubwa ni maji, pamoja na mfupa. Kinyume chake, mchele wa zamani kidogo hufaa kuliko ule uliotoka mashineni juzi: hunywa maji mengi na kuvimba zaidi sufuriani, na kilo moja hulisha sahani nyingi. Chenga nazo zafaa sana kwa vitumbua na uji, hakuna sababu ya kusaga mchele wa daraja la kwanza.

Moto wa jikoni tusiusahau. Maharage ni rafiki wa mwenye mshahara mdogo, maana kilo moja kavu ikipikwa huwa kilo mbili na zaidi. Lakini yakipikwa bila kulowekwa hula mkaa saa tatu nzima, na ile nafuu iliyopatikana sokoni huishia jikoni. Yalowekwe tangu usiku, maji yamwagwe, yapikwe mengi kwa mara moja kwa siku mbili kwa wale wenye jokofu. Na mkaa wenyewe uhesabiwe kama tulivyohesabu mafuta, kopo dhidi ya gunia.

Tunasikia mtu ananong'ona huko nyuma ya kuwa chakula kingi nyumbani huliwa kingi, na ya kuwa jamaa wakiliona gunia hawaondoki. Ni kweli, na tumeliona. Kinachosaidia ni kupima cha wiki na kukitia katika chombo chake, na gunia likafungwa. Juu ya jamaa hatuna shauri. Jamaa ni jamaa.

Sasa twafikia jambo ambalo kwa ajili yake tumesimama. Hesabu ile ya dumu la mafuta ina kasoro moja ambayo wenye akili mmekwisha kuiona: mwenye kutumia lita 4 kwa mwezi atakaa na dumu miezi mitano, na wengi hawana 100,000 za kutoa mara moja. Lakini nyumba tano zikitoa 20,000 kila moja, dumu linanunuliwa leo na linagawanywa leo. Kadhalika nauli ya kwenda Tandale kwa nafaka, au Mabibo kwa ndizi na matunda, au Feri alfajiri kwa samaki wa mnadani: kwa mtu mmoja nauli na ujira wa mkokoteni humeza faida, kwa nyumba kumi na tano haionekani.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi, waliweka akiba ya senti chache kwa wiki mpaka wakapata pauni 28, wakafungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844. Walianza na siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa, basi. Walishika sharti la kuuza kwa fedha taslimu, maana duka la ushirika lililotangulia mjini humo lilikuwa limekufa kwa kukopesha. Walipima sawasawa, hawakuchanganya unga na takataka kama ilivyokuwa desturi ya maduka ya siku zile, na faida iliyobaki wakaigawa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, hata mwenye hisa nyingi.

Mtauliza, Na hapa kwetu je? Hapa kwetu jambo hilo limejaribiwa, na wazee wanakumbuka. Mwaka 1962 iliundwa COSATA, chombo cha kuyapatia maduka ya ushirika bidhaa za jumla, nacho hakikudumu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakaamriwa yafungwe na mahali pake pashikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Bidhaa zikakosekana, na amri ikalegezwa. Tena ikaja ile miaka ya mwanzo ya 1980, miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kwa hiyo mzee akisikia neno duka la ushirika akatikisa kichwa, tusimwone mkaidi. Lakini tutazame tofauti. Watu wa Rochdale walijianzishia wenyewe, kwa fedha yao, kwa bidhaa tano. Maduka yetu yale yaliagizwa kutoka juu, yakapewa kazi ya kuilisha nchi nzima, na meneja hakuwa na la kumjibu mnunuzi.

Shauri letu si kufungua duka. Duka linataka pango, leseni, mlinzi na karani wa kulala humo, nasi hatuna mtaji huo. Twashauri manunuzi ya pamoja mara moja kwa mwezi, ya vitu vitatu tu kwa kuanzia: mafuta, mchele na maharage. Wiki moja kabla ya mshahara kila anayetaka ataandika kiasi chake. Mshahara ukiingia atalipa siku mbili kabla ya safari ya sokoni, na asiyelipa jina lake litafutwa kwa mwezi huo bila ugomvi, awe Mwenyekiti au awe tarishi. Hapa hatutalegea, kwa sababu rafiki wa kwanza atakayepewa mchele kwa ahadi ndiye atakayeuua mpango wote. Watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, watakwenda sokoni kwa zamu, na hawatarudia miezi miwili mfululizo. Risiti zitabandikwa ubaoni. Mali itapimwa mbele ya wote Jumamosi hiyo hiyo, na jioni ghala liwe tupu, kusiwe na kitu cha kulindwa wala cha kuibwa. Kila kilo itaongezwa shilingi chache kwa ajili ya nauli, mifuko na upungufu wa kupimia, maana gunia la kilo 100 likipimwa kilo moja moja halitoi 100 kamili, na asiyejua hilo atamdhania mpimaji mwizi.

Ikifika Mei mwakani, na kama tumeweza kufanya hivyo miezi sita bila kugombana, ndipo tutakapoweza kunena habari ya kununua mpunga kwa wakulima wenyewe wakati wa mavuno.

Yapo mambo mawili ambayo hatukuyamaliza katika Halmashauri, nasi twayaleta kwenu. La kwanza, kama wanachama wastaafu waruhusiwe kuandika majina. Sisi twaona waruhusiwe, maana pensheni ni ndogo kuliko mshahara na tumbo ni lile lile. La pili ni mizani. Mizani ya kilo 100 iliyokaguliwa ina bei, na Mweka Hazina asema mfuko wa Chama wabeba nusu yake tu. Karatasi ya majina na ya michango ya mizani iko mezani pa Katibu karibu na mlango, pamoja na kalamu. Itakaa hapo mpaka Ijumaa saa tisa na nusu.